Rosamond Carr, Mama wa Mugongo

Tukiwakumbuka waliolima milima ya Kivu kabla yetu, tunamtaja Rosamond Carr. Alizaliwa Marekani mwaka 1912, akafika Kongo mwaka 1949 pamoja na mume wake. Ndoa ilipovunjika, hakurudi kwao. Mwaka 1955 alihamia Mugongo, Rwanda, chini ya mlima Karisimbi, akalima pareto, ua jeupe litoalo dawa ya kuua wadudu.

Baada ya uhuru walowezi wengi waliondoka, yeye alibaki. Mwezi wa nne 1994, mauaji ya kimbari ya Watutsi yalipoanza, alilazimika kukimbia. Mwezi wa nane alirudi, akakuta nyumba imeporwa. Angeweza kupumzika kwao, kwa kuwa alikuwa na miaka 82. Lakini yeye na Sembagare, msaidizi wake wa siku nyingi, waligeuza nyumba ya kukaushia maua kuwa makao ya yatima, yaitwayo Imbabazi. Yalifunguliwa mwezi wa kumi na mbili.

Hakujaliwa mtoto wa kuzaa, lakini alilea mamia. Alifariki mwezi wa tisa 2006, akazikwa Mugongo. Mgeni huyo alikuja kutafuta shamba, akawaachia wenyeji watoto walio hai.