Bibi Octavia Hill na Nyumba za Maskini

Octavia Hill alizaliwa Uingereza mwaka 1838. Baba yake alifilisika, na mwaka 1852 mama akahamia London na binti zake. Octavia, mwenye umri wa miaka 14 tu, akawekwa kuwasimamia watoto maskini waliotengeneza vitu vya kuchezea. Ndipo alipoyajua makao yao.

Mwaka 1865 rafiki yake, John Ruskin, alinunua nyumba tatu mbovu sana huko Marylebone, akamkabidhi azisimamie, kwa sharti kwamba kila pauni 100 zilete faida ya pauni 5 kwa mwaka. Basi kila juma Octavia akapita mwenyewe mlango kwa mlango kupokea kodi. Asiyelipa alitolewa, kweli, alikuwa mkali. Lakini fedha iliyosalia ilitumika kutengeneza nyumba zile zile, na wapangaji wenyewe wakachagua la kutengenezwa. Akawafundisha wanawake wengine kazi hiyo.

Serikali ya mji ilipotaka kujenga nyumba za maskini, Octavia alipinga. Alikufa mwaka 1912. Baadaye halmashauri za miji zikajenga nyumba nyingi, kisha zikawaajiri wanawake waliofuata njia yake ili wazitunze.