Shaaban Robert, Karani Mwenzetu

Ndugu zangu tuliopita shuleni hapa, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, Mhariri ameniomba habari za mtunzi mmoja kwa ajili ya mkutano wetu. Nimemchagua marehemu Shaaban Robert, ambaye sote tulimsoma kwa ajili ya mtihani, tukadhani tumemmaliza.

Nilimjua kwanza kwa nakala ya Kusadikika isiyo na jalada, tuliyoisoma kwa zamu bwenini. Nchi ile iko angani. Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria, na wajumbe waliotumwa kutafuta mema ya nchi nyingine hutupwa gerezani warudipo. Kitabu kilitoka mwaka 1951, Mwingereza akingali anatawala. Sisi tulikariri majina ya wahusika, basi. Sikujua kwamba aliyekiandika alikuwa karani wa serikali hiyo hiyo.

Hilo nimelijua ukubwani, nami nikiwa mtumishi wa serikali. Alizaliwa Januari 1, 1909, Vibambani, karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam toka 1922 hadi 1926. Kisha alikuwa karani wa forodha, Pangani na kwingineko, hadi 1944. Akakaa Longido miaka miwili, ng'ambo ya pili ya mlima wetu. Halafu akarudi Tanga, ofisi ya wilaya, na mwisho ofisi ya upimaji hadi 1960. Hesabuni wenyewe: miaka 34 ya kuandika barua za wakubwa.

Na katika miaka hiyo hiyo aliandika mashairi, tenzi, insha, riwaya, maisha yake mwenyewe na maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja. Alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi. Binti yake Mwanjelwa alimwandikia utenzi wa kumwusia. Barua zake kwa nduguye Yusuf Ulenge, za tangu 1931 hadi 1958, zilitunzwa, na leo ni kitabu. Sijui alilala saa ngapi.

Mimi nilikuwa na daftari la mashairi kidato cha tatu. Nilipoajiriwa nikaliweka kando. Nikasema mafaili ni mengi, nitaandika nikistaafu. Wenzangu wa maofisini wanaijua kauli hiyo. Naye Shaaban Robert alistaafu mwaka 1960, akafariki Juni 1962, nchi ikiwa na uhuru wa miezi sita tu. Angalingoja kustaafu, angalipata miaka miwili. Hata hivyo Kufikirika kilitoka 1967, Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote 1968. Hakuvishika mkononi.

Daftari langu liko Chekereni kwa mama, juu ya kabati, chini ya magunia matupu ya mpunga. Mama anasema panya wamekula pembe moja. Nikija mkutanoni nitapitia nyumbani kwanza, nilishushe.