John Kirk: Alilaumiwa kwa mizigo ya Tabora, mswaki wake ukafichua siri ya moyo

Ukifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, utaonyeshwa tembe alilokaa Dk David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi kutoka pwani. Kabla ya hapo, mizigo yake ilikwama kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, na mingine ikaibwa. Henry Stanley akamtupia lawama mtu aliyekuwa Zanzibar: Dk John Kirk. Serikali ya Uingereza ilichunguza, ikamsafisha.

Lakini Kirk ana stori nyingine ambayo wengi hawaijui.

Alizaliwa Scotland mwaka 1832, akasomea udaktari Edinburgh. Kati ya 1858 na 1863 alisafiri na huyo huyo Livingstone bonde la Zambezi. Huko wawindaji walipaka mishale yao sumu ya kombe, itokanayo na mmea wa strofanthasi. Kirk alichukua sumu hiyo, ikakaa sehemu moja na mswaki wake. Alipopiga mswaki akasikia uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo yakapungua kasi. Kumbe kombe inalenga moyo!

Sampuli zilifika Edinburgh. Thomas Fraser akatoa humo strofanthini, ikawa dawa ya moyo uliochoka.

Inafanyaje kazi? Seli zetu zina pampu ya protini inayotoa sodiamu nje. Strofanthini inaizuia. Sodiamu ikijaa ndani, kalsiamu nayo inaongezeka. Kalsiamu hiyo inashikwa na protini ndogo, troponini C, ambayo ndiyo inaupa msuli wa moyo ishara ya kukaza. Dozi ndogo sana, moyo unapata nguvu. Ikizidi, unasimama, na mnyama anaanguka.

Troponini C ina ndugu yake, kalmodulini, aliyejaa kwenye seli za ubongo. Ni kadogo, kana asidi amino 148 tu, lakini kanapokea kalsiamu na kupeleka ujumbe unaosaidia hata kumbukumbu kujengeka.

Kirk alifika Zanzibar 1866, na mwaka 1873 alimbana Sultani Barghash hadi soko la watumwa likafungwa. Alifariki 1922, kabla protini hizo hazijajulikana.

Jina lake limebaki vitabuni. Wawindaji walioijua kombe kabla yake, hakuna aliyeandika majina yao.