Abebe Bikila na Viatu Visivyomwenea

Wengi hudhani kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alikimbia pekupeku katika mji wa Rome kwa sababu hakuwa na viatu. Sivyo. Viatu alikuwa navyo, ila havikumwenea.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, jimbo la Shewa. Utotoni alichunga mifugo. Alipopata ujana akaenda Addis Ababa, akawa askari katika Jeshi la Walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko alifundishwa mbio na Onni Niskanen, mwalimu kutoka Sweden. Alikwisha zoea kukimbia pekupeku, na nyayo zake zilikuwa ngumu.

Mwaka 1960 alipelekwa Rome kwenye michezo ya Olimpiki. Viatu vyake vya zamani vilikuwa vimechakaa, na vile vipya vikambana na kumtoa malengelenge. Mwanafunzi aliyepata kuja shule na viatu vipya siku ya kufungua ataelewa, naye hakutembea ila mwendo mfupi tu! Marathon ni kilometa 42 na meta 195. Katika masafa hayo mguu huvimba kwa joto, vidole navyo husukumwa mbele kila hatua, hata kiatu kinachobana kidogo tu mwanzoni huwa mateso kabla ya mwisho. Basi Abebe akavivua.

Mbio zilianza jioni ya tarehe 10 Septemba, zikaisha usiku kwa mwanga wa mienge. Mwishoni walibaki wawili mbele, yeye na Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Walipoukaribia mnara wa Axum, ambao Waitalia waliuchukua Ethiopia mwaka 1937, Abebe akaongeza mwendo, akamwacha mwenziwe. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na nukta 16, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kupata nishani ya dhahabu ya Olimpiki.

Mwaka uliofuata alikwenda Japani. Huko mtengenezaji wa viatu, Kihachiro Onitsuka, akamsihi ajaribu viatu vyake. Abebe alivivaa, akashinda.

Tarehe 21 Oktoba 1964, katika mji wa Tokyo, alikimbia akiwa na viatu na soksi, ingawa wiki chache tu zilikuwa zimepita tangu apasuliwe kidole tumbo. Alitumia saa 2, dakika 12 na nukta 11, yaani pungufu ya ule muda wa Rome kwa dakika 3 na zaidi. Hakuna aliyepata kushinda Marathon ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Huko Mexico mwaka 1968 mguu ulimuuma, akatoka njiani. Mwenzake Mamo Wolde akashinda. Mwaka 1969 alipata ajali ya motokaa, miguu ikapooza. Alitibiwa Uingereza, kisha akaingia mashindano ya kulenga shabaha kwa upinde, akiwa ameketi katika kiti cha magurudumu. Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41, akazikwa Addis Ababa, na Mfalme mwenyewe alihudhuria.