Karoli Lwanga: Kijana Aliyemjua Mfalme Wake



Wapendwa, katika Yohane 18:33-37 Pilato anamhoji Yesu kama ni mfalme kweli, na Yesu anamweleza kuwa ufalme wake si wa hapa duniani. Swali hilo lilifika hata Buganda. Aliyelijibu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, Karoli Lwanga.

Karoli alifanya kazi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, na hakuwa muasi. Tarehe 15 Novemba 1885 Yosefu Mukasa Balikuddembe, kiongozi wake, aliuawa. Kosa lake: alimkemea Kabaka kwa kumuua Askofu Hannington wa Anglikana, na aliwakinga vijana wa ikulu na tamaa za Kabaka. Siku hiyohiyo Karoli akabatizwa. Hebu fikiria: mkubwa wako kauawa leo kwa imani, na wewe leo hiihii unaomba ubatizo! Halafu akarithi kazi ileile ya hatari, kuwalinda wadogo.

Usiku wa kuamkia 26 Mei 1886, huko Munyonyo, aliwabatiza wakatekumeni wanne. Mmoja alikuwa Kizito, wa miaka kama 14. Kulipokucha Kabaka akawaita wote, akaamuru wanaosali wajitenge, wasiosali wabaki naye. Karoli akatangulia, wenzake wakafuata. Hakukuwa na hotuba. Zilikuwa hatua chache tu, ila zilionyesha yeye ni wa nani.

Tarehe 3 Juni, Namugongo, akachomwa moto peke yake, polepole, kuanzia miguuni. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI alimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21.

Na Mwanga je? Mwaka 1888 alipinduliwa, akakimbilia kusini mwa ziwa, na mwishowe akapokelewa na wamisionari Wakatoliki pale Bukumbi, Mwanza. Yaani aliyewaua Wakristo akapata hifadhi kwa Wakristo! Hapo ndipo unawaona wafalme wawili: mmoja anawaua wanaomkataa, Mwingine anamfungulia mlango hata aliyewaua watu wake.

Sisi vijana wa Majengo hatuna Kabaka. Swali letu huja kimyakimya: sokoni, kijiweni, kwenye grupu la WhatsApp, pale kila mtu anapocheka jambo ambalo wewe unajua si sawa. Ukiambiwa leo wanaosali wasogee kule, utasogea?

Mtakatifu Karoli Lwanga, utuombee.