Al-Khwarizmi: Mali, Shei na Aljebra

Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alizaliwa karibu na mwaka 780. Nisba yake inamhusisha na Khwarazm, nchi iliyo kusini mwa Bahari ya Aral, ingawa kazi zake zilifanyika Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833). Aliandika juu ya nyota, ramani na tarakimu za Kihindi. Kilichompa umaarufu zaidi ni kitabu cha al-jabr, yaani kurejesha kilichopunguzwa. Ndilo neno letu aljebra.

Akikifungua, msomaji wa leo hataona x wala y. Namba zenyewe zimeandikwa kwa maneno. Kisichojulikana alikiita shay', yaani kitu, au jidhr, yaani mzizi. Kikizidishwa kwa chenyewe alikiita mal. Mawili kati ya hayo tunayo. Mali haihitaji maelezo. Shei imebaki katika ushei: mtu wa Mikindani akisema watu ishirini na ushei, kiasi kipo, ila hakijatajwa.

Swali lake mashuhuri linahusu mali pamoja na mizizi yake kumi, jumla dirhamu 39. Sisi huandika x² + 10x = 39. Jibu alilotoa ni 3. Weka 3 mahali pa x: mali ni 9, mizizi kumi ni 30, jumla 39. Hapo wanafunzi wengi huteleza, wakaandika 103 badala ya 30, au 6 badala ya 9. Kwa maoni yangu kosa hilo ni la kusoma kabla ya kuwa la hesabu, kwani herufi iliyobandikwa ubavuni mwa namba huficha neno mara. Asemaye mizizi kumi hapati 103 hata kidogo. Mtajo na usomwe kwa sauti kwanza.

Sehemu kubwa ya kitabu ni ya wasia na mirathi, jambo ambalo watajao al-Khwarizmi darasani hulisahau. Tuchukue shamba la minazi huko Msimbati, karibu na mlango wa Mto Ruvuma. Marehemu ameacha mke, wana wawili na binti mmoja. Madeni yamelipwa, imebaki minazi x. Mke hupata thumni, x/8. Watoto hugawana 7x/8, kila mwana mafungu mawili, binti moja. Minazi ikiwa 40, mke ana 5, kila mwana 14, binti 7. Ikihesabiwa upya ikawa 80, mgao haubadiliki. Kinachobadilika ni namba iwekwayo mahali pa x.

Alifariki karibu na mwaka 850. Mwaka 1145, huko Segovia, Robert of Chester alikifasiri kitabu hicho kwa Kilatini. Jina la mtunzi, kwa matamshi ya Kilatini, likazaa neno algoriti. Herufi zilichelewa: François Viète alizitumia kwa utaratibu mwaka 1591, na x, y, z tulizozizoea zilitoka kwa Descartes mwaka 1637.