Charles Schepens, Daktari Aliyefungua Njia ya Kuokoa Retina za Watoto

Na Mwandishi Wetu

Katika wodi za watoto njiti, daktari bingwa wa macho huonekana akiwa amevaa kichwani kifaa chenye taa na ameshika lenzi mkononi. Huinama juu ya mtoto ambaye huenda hajafikisha uzito wa kilo moja na nusu, akatazama ndani ya jicho lake kwa dakika chache, kisha akaamua iwapo mtoto huyo anahitaji matibabu ya haraka. Kifaa hicho, kwa umbo lake la kisasa, ni kazi ya Daktari Charles Schepens, mzaliwa wa Ubelgiji ambaye madaktari wenzake humhesabu kuwa baba wa upasuaji wa kisasa wa retina.

Retina ni utando mwembamba uliotandazwa nyuma ya jicho kwa ndani. Kazi yake ni kupokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa zinazopelekwa kwenye ubongo. Utando huo ukibanduka kutoka mahali pake, uoni hufifia, na usiporudishwa mapema mgonjwa huweza kupofuka kabisa.

Schepens alizaliwa tarehe 13 Machi 1912 katika mji wa Mouscron, Ubelgiji. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Ghent na kuhitimu mwaka 1935, kisha akaenda London kujifunza tiba ya macho katika hospitali ya Moorfields. Ujerumani ilipoivamia Ubelgiji mwezi Mei 1940, alikuwa akitumikia jeshi la anga la nchi yake kama daktari. Baada ya nchi hiyo kukaliwa, alirejea kutibu wagonjwa mjini Brussels, lakini polisi wa siri wa Ujerumani walimtilia shaka kuwa anawasaidia wapinzani wa utawala huo, wakamkamata na baadaye kumwachia. Tangu hapo akajiunga na harakati hizo kwa dhati.

Mwaka 1942, hatari ilipozidi, alikimbilia Ufaransa na kuanza kutumia jina la Jacques Pérot. Katika kijiji cha Mendive, chini ya milima ya Pyrenees, alisimamia kiwanda cha mbao kilichokuwa na waya wa kusafirishia magogo kutoka mlimani. Machoni pa watu alikuwa mfanyabiashara wa kawaida. Kwa siri, kiwanda hicho kilikuwa njia ya kuwavusha watu na nyaraka kwenda Hispania. Akishirikiana na Jean Sarochar, mchungaji wa Kibaski aliyezijua vyema njia za milimani, aliwasaidia watu zaidi ya 100 kuvuka mpaka. Mwaka 1943 siri ilifichuka. Schepens aliponyoka kupitia msituni na kuingia Hispania, akimwacha nyuma mkewe na watoto wao, ambao walishikiliwa na Wajerumani. Baadaye nao walitoroka na kuvuka milima hiyo kwa miguu, na familia ikaungana tena nchini Uingereza.

Huko London, vita vikiwa bado havijaisha, Schepens alirudi Moorfields na kukabili tatizo lililokuwa likiwasumbua madaktari kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1920, Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi, alikuwa amethibitisha kuwa retina hubanduka kwa sababu ya tundu au mpasuko, na kwamba tundu hilo likizibwa retina huweza kurudi mahali pake. Hata hivyo, matundu mengi hutokea pembezoni mwa retina, na vifaa vya wakati huo vilimwezesha daktari kutazama kwa jicho moja tu, tena sehemu ndogo ya katikati. Upasuaji mwingi ulishindikana kwa sababu daktari hakuliona tundu alilotakiwa kuliziba.

Schepens alitengeneza kifaa cha kuvaliwa kichwani, chenye taa yake na vioo vinavyomruhusu daktari kutazama kwa macho yote mawili. Kwa njia hiyo aliona eneo pana, aliona kina cha kila kitu, na mkono mmoja ulibaki huru kuligandamiza jicho taratibu kwa nje ili pembe za retina zijitokeze. Kwa mara ya kwanza retina nzima iliweza kuchunguzwa kwa uhakika, kabla ya upasuaji na wakati wa upasuaji wenyewe.

Mwaka 1947 alihamia Boston, Marekani. Mwaka 1949 alianzisha huduma maalumu ya retina katika hospitali ya macho na masikio ya Massachusetts, na mwaka 1950 akaanzisha taasisi ya utafiti wa retina ambayo leo ina jina lake. Akiendeleza wazo lililokwisha kujaribiwa Ujerumani na Ernst Custodis, aliimarisha upasuaji wa kuweka mkanda juu ya ukuta mweupe wa jicho. Mkanda huo huusukuma ukuta kuelekea ndani hadi uifikie retina iliyobanduka. Mbinu hiyo ingali ikitumika, na kwa watoto ina thamani ya pekee, kwa kuwa ute unaojaza jicho la mtoto ni mzito na umeshikamana sana na retina, hivyo kuuondoa ni kazi ngumu na ya hatari.

Alipofika Boston, mji huo ulikuwa tayari umeguswa na msiba wa watoto. Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa mji huohuo alikuwa ameeleza upofu wa ajabu uliowapata watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Katika miaka ya 1950 ilithibitishwa kuwa oksijeni iliyozidi kiasi, ambayo watoto hao walipewa ili waishi, ilichangia kuwapofusha. Mishipa ya damu ya retina huanzia katikati na kukua kuelekea pembezoni, nayo hukamilika karibu na wakati wa kuzaliwa. Kwa mtoto njiti pembe hizo hubaki bila mishipa. Baadaye huweza kuota mishipa isiyo ya kawaida, ambayo huivuta retina hadi ikabanduka. Ugonjwa huanzia mahali palepale ambapo vifaa vya zamani havikuweza kufika.

Mwaka 1969, Schepens na mwenzake Criswick walieleza ugonjwa mwingine wa kurithi unaofanana na huo, lakini unaowapata hata watoto waliozaliwa kwa wakati. Baadaye alishirikiana na Tatsuo Hirose, aliyewafanyia upasuaji watoto njiti ambao retina zao zilikuwa zimebanduka kabisa. Baadhi yao walipata uoni, lakini mara nyingi ulikuwa hafifu. Mwaka 1988, utafiti mkubwa uliofanyika Marekani ulionesha kuwa kutibu pembe za retina mapema, kabla haijabanduka, hupunguza matokeo mabaya kwa karibu nusu. Leo hata mwale wa leza unaotumika katika tiba hiyo huweza kupitishwa katika kifaa cha kuvaliwa kichwani.

Daktari Schepens alifariki dunia tarehe 28 Machi 2006, akiwa na umri wa miaka 94, siku chache baada ya Ufaransa kumtunuku nishani ya heshima kwa ushujaa wake wakati wa vita.

Kwa wazazi na walezi, funzo la kazi yake ni kuwahi. Kadiri huduma za watoto wachanga zinavyoimarika katika nchi zetu, ndivyo watoto njiti wengi zaidi wanavyonusurika, na kila mmoja wao anahitaji macho yake yalindwe. Mzazi wa mtoto njiti anashauriwa kuuliza hospitalini ni lini mtoto atapimwa retina, kwa kawaida kati ya wiki ya nne na ya sita baada ya kuzaliwa, na asiiache tarehe hiyo ipite hata kama mtoto anaonekana mzima. Aidha, mtoto wa umri wowote anayeonekana na mng'ao mweupe ndani ya mboni, au ambaye jicho lake limeanza kwenda upande, afikishwe kwa daktari wa macho bila kuchelewa, kwani dalili hizo huweza kuwa za saratani ya retina. Mtoto mchanga hawezi kusema kuwa haoni, na pasipo kupimwa, mzazi huweza kuchelewa kujua hadi wakati wa kuokoa uoni umepita.